Sera Yangu Isiyomlenga Yeyote

Wanangu mnaoingia kazi hii ya wingu, nimeombwa niwaandikie niliyoyajua. Niliyoyajua ni machache, yangeenea kiganjani. Afadhali niwaandikie niliyoyakosea, maana hayo ninayo ya kutosha, na hakuna atakayesema nimeyaiga kwa mwenzangu.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ndogo yenye ofisi Ganjoni, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Tuliwatunzia watu mifumo yao: mawakala wa forodha, skuli mbili tatu, na miaka ya mwisho zahanati na hospitali ndogo ndogo za hapa kisiwani. Nilianza kwa kuvuta nyaya chini ya meza za watu, nikamaliza na cheo kirefu kuliko kazi yenyewe. Kiliandikwa mlangoni kwa herufi za shaba. Herufi ya mwisho ilidondoka mwaka wa kwanza na hakuna aliyeona haja ya kuirudisha, mimi mwenyewe nikiwamo.

Zamani seva zetu zilikuwa tano, zimekaa katika chumba chenye baridi, nami nilizipa majina ya mashangazi zangu. Mkidhani natania, waulizeni niliofanya nao kazi. Shangazi Mize alikuwa akipanda joto kila ikifika saa saba mchana. Shangazi Rehema ukimzima, kumwasha tena ni mpaka umbembeleze. Nilikuwa nikiingia asubuhi nikizisabahi moja moja. Kiburi changu chote kilikuwa hapo, kwamba hakuna azijuaye kama mimi nizijuavyo. Siku bosi alipotwambia seva zitaondolewa na kazi zote zihamie kwenye wingu, yaani kwenye mashine za kukodi zilizo katika majumba ya watu wengine, nikamwuliza huko mashine zitaitwaje. Akanijibu kuwa hazitakuwa na majina. Zitazaliwa zikihitajika na zitakufa zikimaliza kazi, na hakuna atakayezililia. Nilikwenda nyumbani Kibokoni siku ile nikakataa chakula, mke wangu akadhani nimefiwa.

Aliyeletwa kunifundisha alikuwa Nduku, mhandisi kutoka Machakos, ambaye kwa umri alikuwa sawa na kitinda mimba wangu. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na miwili na ndevu zenye mvi. Yeye alikuwa na miwani mikubwa na subira kubwa zaidi. Siku ya kwanza nilimkaribisha kahawa, nikamweleza kwa saa nzima jinsi kompyuta inavyofanya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akaniomba nimpishe kwenye kiti.

Alinifundisha hivi, nami nawapeni kama nilivyopokea. Katika wingu hujengi huduma kwa mkono. Unaandika kiolezo. Kiolezo ni faili lenye maelezo ya huduma yako: sehemu zake ni zipi, ni ngapi, na ipi imeungana na ipi. Kuna programu inayoitwa mratibu, ambayo inalisoma faili lile na kuijenga huduma kama lilivyoandikwa. Halafu, juu ya sehemu hizo, unaandika sera. Sera haijengi kitu. Sera ni masharti: hizi mbili zisiwekwe mashine moja, watu wakizidi, ongeza, ikinyamaza, weka nyingine badala yake. Kila sera ina jina, ina aina, ina wakati wake wa kufanya kazi, na ina walengwa, yaani zile sehemu inazozihusu. Nduku alilirudia neno hilo la walengwa mara nyingi sana. Nilimwambia nimesikia, mimi si mtoto.

Sera yangu ya kwanza niliiandika siku mbili. Ilikuwa nzuri. Ilianza kwa kueleza umuhimu wa huduma, ikaeleza historia yake kidogo, ikataja hatari zinazoweza kutokea na kumtaka mratibu azingatie. Nduku aliisoma yote, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kama najua kuwa nimeandika kila kitu katika sehemu ya maelezo. Sehemu ya maelezo ni ya binadamu. Mashine ikifika hapo inaruka, inaendelea chini, na chini sikuwa nimeandika lolote. "Mzee Bakari," aliniambia, "hii ni barua. Tena ni barua nzuri. Lakini aliyeandikiwa hajui kusoma."

Ya pili ilikuwa sera ya uponyaji. Niliamuru kwamba sehemu yoyote isiyojibu kwa sekunde kumi ifutwe, ijengwe mpya. Nilijiona daktari. Kumbe ile huduma ya dawa ya zahanati moja ilikuwa ikihitaji sekunde arobaini ili iamke. Basi asubuhi nzima mratibu aliijenga, akaihesabia kumi, akaiona kimya, akaifuta, akaijenga tena. Wafamasia walipiga simu mpaka nikaitia simu yangu katika saraka ya meza. Nduku aliporudi kutoka mkutanoni alitazama skrini kidogo tu akaelewa. Akaniambia ninamwamsha mtu, na kabla hajajinyoosha ninamzika. Kwa hivyo, wanangu, kabla hamjaandika sera ya kuponya, kaeni kwanza na saa mkononi, mpime mgonjwa wenu huamka kwa muda gani akiwa mzima.

Hayo yalikuwa makosa ya kuchekwa. Sasa niwape lile ambalo kulicheka ilinichukua muda.

Kulikuwa na hospitali ndogo saba za kisiwani zilizokubaliana kupeana damu. Kila moja ina friji yake yenye mifuko michache, na kila moja huandika katika mfumo wetu imebaki na mifuko mingapi na ya kundi gani. Moja ikihitaji, karani wake anafungua skrini na kuona ipo wapi iliyo karibu. Mfumo huo nilikabidhiwa mimi. Orodha yenyewe tuliiweka katika hifadhi mbili zinazofanana, ili moja ikifa nyingine ishike kazi, nami nikaandika sera ya kuzitenganisha, kila moja ikae mashine yake. Safari hii sikuandika barua. Niliweka aina, nikaweka wakati, nikaweka na walengwa. Nduku alikuwa likizoni, kwa hivyo niliipeleka mwenyewe bila ya jicho la pili. Mratibu aliisoma, akaipokea, hakulalamika hata kidogo. Nilichapisha ukurasa ule nikaubandika ukutani. Kwa miezi minane kila mgeni aliyeingia ofisini nilimwonyesha, nikimwambia kuwa mfumo huu hata jumba liungue nusu, wenyewe utasimama.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, asubuhi. Mpwa wangu Swabra, binti wa dada yangu Maimuna, alikuwa ameingia kujifungua katika mojawapo ya hospitali zile, iliyoko Makadara. Nilikwenda kumshika mkono dada yangu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la mapokezi, watu wamejaa, muuguzi akatoka haraka akaenda kwenye dirisha la Bi Zuhura. Huyu Bi Zuhura ndiye aliyekuwa karani wa mapokezi, mama wa makamo, mtaratibu, anayeandika jina lako bila ya kukufanya ulirudie. Nilisikia muuguzi akisema Swabra anatoka damu nyingi, kundi lake ni O hasi, na friji yao haina. Dada yangu alinishika mkono. Nikamwambia atulie, mfumo ni wangu, sasa hivi wataona ilipo.

Bi Zuhura alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Akasema mfumo haufunguki.

Niliinuka. Nawaeleza haya kwa aibu, kwa hivyo msinikatize. Nilikwenda mpaka dirishani, nikajitambulisha kwa cheo changu chote, na mbele ya benchi zima nikamwambia kuwa haiwezekani. Nilimwambia mfumo ule hauwezi kuanguka kwa sababu mimi ndiye niliyeupanga, kwamba atakuwa amebonyeza pasipo pake, na kwamba watu wasiojua vitu wasiviguse. Alinitazama. Aliisukuma ile kibodi upande wangu ili nijaribu mwenyewe. Nikajaribu. Haukufunguka. Nikasema amekwisha uharibu.

Wakati mimi nahutubia, yeye alishika simu. Kando ya dirisha lake alikuwa amebandika karatasi yenye nambari za hospitali zote saba, kaiandika kwa mkono. Ya kwanza hawakuwa nayo. Ya pili hawakuwa nayo. Ya tatu simu ililia bila ya kupokewa. Ya nne, karibu na Buxton, walikwenda kutazama kwenye friji, wakarudi wakasema wanayo mifuko miwili. Tatizo likawa ni nani atakayeifuata, maana dereva wao alikuwa ametumwa kwingine. Bi Zuhura alinyanyua uso akanitazama mimi niliyesimama pale na cheo changu. Akanipa kasha la barafu na karatasi yenye sahihi ya daktari. "Panda tuktuk," aliniambia. "Usilifungue njiani, na usiache kulishika."

Nilikwenda Buxton, nikarudi na kasha lile mapajani, nimelikumbatia kwa mikono miwili. Dereva wa tuktuk aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia aendeshe. Kila tulipokwama nilikuwa nikitazama miguu ya watu wanaotupita, nikiona hata wao wanakwenda upesi kuliko sisi. Nilipofika, muuguzi alikuwa mlangoni. Alilichukua akaenda mbio. Nikakaa kando ya Maimuna mpaka adhuhuri daktari alipotoka akatwambia mama yu hai na mtoto ni wa kike. Dada yangu akalia. Na mimi, wanangu, katika furaha ile, bado nilikuwa nimekasirika na Bi Zuhura kwa kuharibu mfumo wangu. Hata nikamfuata msimamizi wa hospitali nikamweleza kuwa dirishani pake pana uzembe.

Alasiri nikarudi ofisini. Mfumo ulikuwa umekwisha rudishwa kutoka kwenye nakala ya jana yake. Nikafungua kumbukumbu za mfumo ili nione Bi Zuhura alibonyeza nini. Hakuwa amebonyeza lolote baya. Kilichotokea ni kuwa mashine moja ilikufa, kifaa chake cha umeme kimeungua, jambo linalotokea kila siku na ndilo tulilojikinga nalo. Isipokuwa hifadhi zote mbili zilikuwa juu ya mashine hiyo hiyo moja. Nikafungua kiolezo. Sera yangu ilikuwapo, imekaa vizuri, maneno yake mazuri. Kwenye walengwa nilikuwa nimeandika majina ya hifadhi kwa kistari cha kati. Kule juu, hifadhi zenyewe zilikuwa zimepewa majina kwa kistari cha chini. Kwa mratibu hayo ni majina mengine kabisa. Alizitafuta hifadhi nilizozitaja, hakuziona, akachukulia kuwa sera hii haimhusu mtu, akaiacha. Miezi minane sera yangu ilikuwa ikiamuru chumba kitupu.

Nilichokifanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike haya. Nilitazama kushoto na kulia. Nikavibadilisha vile vistari, nikapeleka kiolezo, na kabla sijamaliza kumeza mate mratibu alikuwa amekwisha zitenganisha zile hifadhi kama alivyokuwa tayari kufanya tangu mwanzo, lau angelielezwa. Kisha nikamwandikia bosi ripoti fupi kwamba kifaa cha umeme cha mashine kiliungua. Ilikuwa kweli. Ilikuwa nusu ya kweli, na niliichagua ile nusu kwa makini.

Jumatatu msimamizi wa hospitali alikuja ofisini kwetu kwa kikao, akafuatana na Bi Zuhura. Bosi alikuwapo, na Nduku alikuwapo. Msimamizi alianza kwa kuomba radhi. Alisema amekwisha chukua hatua, Bi Zuhura anaondolewa mapokezi na kupelekwa stoo ya mafaili, nyuma, ambako hakuna kompyuta. Bosi akamwuliza Bi Zuhura ana la kusema. Alisema kwa sauti ya chini kuwa yeye hakumbuki kubonyeza kitu kigeni, lakini mzee ndiye mjuzi na alikuwapo, akaona kwa macho yake, kwa hivyo huenda ni kweli. Akasema amekuwa akijiuliza tangu Alhamisi ni wapi alipokosea, na kwamba amewaambia wanawe kuwa mama yao nusura asababishe mtu kufa.

Nilikunywa maji. Gilasi ilikuwa haina maji, lakini nilikunywa. Nduku hakunitazama, alikuwa akizungusha kalamu yake tu. Nikawaambia yote. Niliwaambia kistari kilikuwa changu, na kwamba nilikirekebisha kwa siri, na kwamba Bi Zuhura ndiye aliyempatia Swabra damu wakati mimi nikimgombeza. Bosi akamwomba msimamizi amrudishe Bi Zuhura mahali pake, naye msimamizi akakubali hapo hapo. Mimi nilipewa barua ya onyo, ambayo safari hii aliyeandikiwa alijua kusoma.

Kwenye ngazi nilimkuta Nduku akiningoja. Nikamwuliza kama alikuwa akijua. Kila badiliko la kiolezo huwekwa pamoja na jina la aliyelifanya na saa yake. Hilo mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwahubiria mafundi wapya. "Nimejua tangu Ijumaa," alisema. "Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe." Nikamwuliza, je, nisingesema? Akaniambia hilo asingependa kulijua.

Baada ya kikao kile tulibadilisha mambo mawili, na haya yashikeni hata mkiyasahau mengine. La kwanza, Nduku aliweka ukaguzi kwamba sera yoyote inayotaja mlengwa asiyekuwapo, kiolezo chake kikataliwe palepale kwa kelele. Programu nyingi zitawanyamazia. Msidhani kunyamaza kwake ni kukubali. La pili lilikuwa langu. Kila mwezi, saa nne asubuhi, watu wote wakiwa macho na hospitali zote zimearifiwa, nilikuwa naizima hifadhi moja kwa mkono wangu, tunaangalia nyingine inashika au haishiki. Mara ya kwanza nilihesabu sekunde kwa sauti. Ilishika.

Lakini Bi Zuhura nilikuwa sijamalizana naye. Siku ile ile ya kikao nilimfuata hadi chini kwenye duka la vitambaa nikamwomba radhi. Alinisikiliza, akasema amenisamehe, ila kuna jambo. Nilimsema mbele ya watu. Basi niende nikamtakase mbele ya watu.

Nikaenda Jumanne asubuhi. Benchi lilikuwa limejaa kama siku ile, isipokuwa, bila shaka, watu wenyewe walikuwa wengine kabisa. Hakuna hata mmoja aliyekuwapo Alhamisi. Bi Zuhura alijua hilo, lakini alinionyesha pa kusimama. Nikawasalimu, nikawaambia kuwa mama huyu nilimsingizia kosa ambalo ni langu, na kwamba kama si yeye mpwa wangu angelikufa. Mtu mmoja akaniuliza kama hiyo ndiyo sababu ya foleni kuchelewa. Mwengine akampisha mtoto wake ajinyooshe. Nilidhani nimemaliza, lakini bibi mmoja mwenye shavu lililovimba, ameushikilia mtandio juu ya jino, aliniuliza hilo kosa lenyewe lilikuwa gani.

Nikamwambia nilikosea kuandika sera. Akaniuliza sera ndiyo nini. Benchi zima likanigeukia, nami nilikuwa sina ubao wala skrini.

Nikamwambia, tuseme, bibi, una vitu viwili vya thamani, na hutaki vikae chumba kimoja, ili moto ukiwaka kipotee kimoja kisalie kimoja. Huwezi kukaa macho ukivilinda. Basi unamwandikia mtumishi agizo kwamba hiki na hiki visiwekwe pamoja. Mimi niliandika agizo, likawa zuri, ila nikakosea majina ya vile vitu. Mtumishi alipokwenda hakuviona hivyo nilivyovitaja, akarudi akakaa zake kimya. Vitu vikalala chumba kimoja miezi minane, nami huku najisifu kwa wageni.

Bibi alifikiri kidogo, mkono shavuni.

"Na miezi yote hiyo minane," akasema, "hukwenda hata siku moja ukatizama vimekaa wapi?"

Nikamwambia sikwenda.

"Basi usiseme uliagiza, mwanangu. Sema ulitamani."

Akaitwa jina lake, akainuka taratibu akaenda kwa daktari wa meno. Bi Zuhura akagonga kioo, akaniomba nisogee kando. Nilikuwa nimeziba dirisha, na watu walikuwa wakingoja.